Hita ya gesi inazimika kila saa? Angalia hivi kabla hujaita fundi

Kuanzia Juni mpaka Agosti baridi ya Nairobi si ya mchezo, na ndiyo wakati watu wanatoa zile hita za gesi za kusukuma, zile mtungi unakaa nyuma, unawasha inashika kidogo inazima, unawasha tena inazima tena. Mara nyingi hita haijaharibika vile unafikiria. Imeundwa izime ikihisi kitu hakiko sawa, kwa hivyo cheki inazima wakati gani, hapo ndipo utajua shida iko wapi.

Kabla ya yote, kukiwa na harufu ya gesi usiwashe chochote. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi ya stima hata ya taa, toeni watu nje. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inakaa chini sakafuni, kwa hivyo mlango uachwe wazi muda mrefu. Kama unashuku tu inavuja, changanya maji na sabuni ya vyombo upake kwa regyuleta na kwa mpira wote, povu likifura hapo ndipo inatokea. Kiberiti usijaribu, tafadhali.

Sasa, kama inazima ukiachilia nobu tu, shida karibu kila mara ni themokapo. Ni kile kijiti cha chuma kimesimama karibu na moto mdogo wa pailoti, moto ukikipasha kinatoa umeme kidogo sana, milivolti chache tu, na huo umeme ndio unashikilia vali ya gesi ikae wazi. Kikiwa baridi vali inajifunga. Kwa hivyo jaribu kwanza kufinya nobu sekunde 20 ama 30 moto ukishashika, wengi wanaachilia mapema. Mtungi ukiwa mpya pia kuna hewa kwa mpira, rudia mara kadhaa. Ikikataa, zima, funga mtungi, ngoja ipoe kabisa, halafu chungulia: ncha ya hicho kijiti iko ndani ya moto ama imepinda kando? Ina masizi? Isugue pole pole na msasa laini. Hita iliyokaa kwa stoo tangu mwaka jana huwa na vumbi na utando wa buibui kwa pailoti, toa na brashi laini na upulize na pampu ya baiskeli. Usidunge sindano kwa kitundu cha pailoti, ukikipanua moto hautakaa sawa tena. Kama ni themokapo imekufa, ni kipuri cha kubadilisha tu, enda nayo ile ya zamani dukani ndio upate ya urefu na nati sawa.

Kama inawaka vizuri halafu inazima baada ya nusu saa hivi, hapo tafadhali sikiza. Hita nyingi zina sensa ya oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21, ikishuka karibu 18 moto wa pailoti unainuka unaachana na themokapo na hita inajifunga. Maanake nyumba haina hewa, na kwa bedsita iliyofungwa madirisha na matambara yakazibwa chini ya mlango hiyo haichukui muda. Fungua dirisha, hata kama ni baridi. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu moto hutoa ukikosa hewa, haina harufu, kwa hivyo ukisikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, hasa mkiwa wawili mnaumwa pamoja, tokeni nje mara moja mpige 999 ama 112. Na hita ikizima usiingize jiko la makaa badala yake, hilo ndilo baya zaidi. Wa Limuru wajue pia hizi sensa husumbua ukipita mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, huko hita inaweza kuzima hata dirisha likiwa wazi.

Moto ukififia pole pole kabla ya kuzima, inua mtungi usikie uzito, angalia mpira haujakunjwa nyuma, na kwa vyovyote uhakikishe regyuleta ni ya nyumbani, si ile ya presha kubwa ya hoteli. Zingine zina swichi ya kuzima ikilala upande, ziweke pahali tambarare.

Kuna mafundi watakwambia waruke hiyo sensa ya oksijeni ndio isikusumbue. Kataa kabisa, hata akisema amefanyia watu wengi, hiyo sensa ndiyo inakulinda wewe na watoto. Abadilishe kipuri, apake sabuni kwa kila maungio mkiwa naye hapo, halafu iwake nusu saa dirisha likiwa wazi ndio umlipe.