Jinsi ya kumsimulia padri Florence Li Tim-Oi kwenye kikao cha akina mama

Kama umepangiwa somo kwenye umoja wa akina mama, iwe Masasi, Newala au Lindi mjini, na umeamua kumzungumzia mwanamke wa kwanza kuwa padri kwenye Anglikana duniani, nakuomba usianze na tarehe ya upadirisho. Ukianza tu na 25 Januari 1944 watu watabishana mwanamke anaruhusiwa au haruhusiwi na hadithi itakufia mdomoni. Anza na watu waliokosa padri. Hilo kwetu halina haja ya maelezo, nani huku hajui kanisa la kijijini ambako katekista ndo kila kitu, anasalisha, anafundisha kipaimara, anazika, ila ekaristi mpaka padri afike na pikipiki, na mvua ikikata barabara ndo basi tena.

Sasa wapeleke Macau. Chukua korosho tatu uziweke kwenye mkeka, moja Hong Kong, moja Macau, moja ile China ya ndani ambayo Wajapani hawajaiteka (zikibaki utakula baadae). Hong Kong imetekwa Disemba 1941. Macau ni ya Wareno, hawamo vitani, kwa hiyo wakimbizi wanamiminika huko na njaa juu, na Waanglikana wa pale hawana padri, wanaye shemasi tu (ngazi ya chini ya padri, kwa kawaida haadhimishi ekaristi), ndo Florence mwenyewe, dada aliyezaliwa Hong Kong 1907. Padri wa kutoka nje hawezi kupita. Askofu wao Ronald Hall kwanza akamruhusu aadhimishe ekaristi hivohivo akiwa shemasi, halafu akaona kuliko kuendelea na hali hiyo bora ampe upadri kamili. Hapo sogeza korosho taratibu, maana Florence ilibidi atoke Macau, apite maeneo yaliyoshikwa na Wajapani mpaka akakutane na askofu huko ndani, apadirishwe, kisha arudi tena kwa watu wake. Usiiharakishe hiyo safari, ndo moyo wa hadithi, tarehe utaitaja hapo hapo na hakuna atakayeruka.

Sehemu ya pili wengi wanateleza. Vita ikaisha, viongozi wa kanisa wakaja juu, askofu akabanwa, na 1946 Florence akarudisha leseni ya kufanya kazi ya upadri ili mzee wa watu asiendelee kusumbuliwa. Alirudisha leseni, upadri hakuukana. Usiseme alivuliwa, ukisema hivo umeharibu kila kitu.

Baada ya hapo akaenda Hepu, kusini mwa China, akaanzisha nyumba ya kujifungulia akina mama ili watoto wa kike wasiuawe wakizaliwa. Kwa wasikilizaji wako hii peke yake inatosha nusu saa! Miaka ya makanisa kufungwa China chini ya serikali ya Kikomunisti, alivyofanyishwa kazi shambani na kiwandani, pita haraka, sema tu alihamia Kanada 1983, akahudumu tena kama padri, akafariki Toronto 1992. Ongeza kwamba Hong Kong ilipadirisha wengine wawili 1971, na 1983 ikafika jirani zetu, Kenya na Uganda.

Mambo ya maandalizi sasa. Mwambie padri wa parokia mapema, asikie kwako asisikie sokoni. Usipange mwezi wa Oktoba au Novemba, watu wako kwenye korosho na minada utaongea na viti. Tafuta mtu wa kutafsiri Kimakonde au Kimakua kwa bibi zetu wa pembeni.

Na swali litakuja tu, na huku kwetu je, mwanamke anaweza kuwa padri? Jibu fupi, Tanzania kila dayosisi inaamua yenyewe, wengine wanapadirisha wanawake wengine hapana, na uamuzi huo ni wa sinodi (mkutano mkuu wa dayosisi), sio wako wala wa kikao cha leo. Usiingie zaidi ya hapo, wewe rudisha mpira kwao, waulize kabla padri hajapata usafiri ni mama gani alikuwa anawaongoza sala hapa, anatembelea wagonjwa, anafundisha watoto. Hapo watachangamka hata wale waliokuwa wanasinzia. Uwe na daftari maana majina yatatoka mengi, na kama unataka kurekodi kwa simu omba ruhusa kwanza, bibi wengine hawapendi kabisa.