Kununua gari lililowahi kuibwa likapatikana

Gari lililoibwa kisha likapatikana huuzwa kwa bei ya chini kuliko mengine ya aina na mwaka uleule, na punguzo hilo ndilo linalomfanya mnunuzi akimbilie kufungua boneti na kusikiliza mlio wa injini. Hapa Kenya ningemshauri aanzie kwingine kabisa. Aulize kwanza gari lilipopatikana lilikabidhiwa nani, kwa sababu huenda haki ya kulimiliki ilihama wakati liko mikononi mwa mwizi, bila jina lililo kwenye logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, kubadilika.

Haki hiyo huhama kwa njia ya bima. Mwenye gari aliyekata bima kamili hulipwa fidia gari lisipopatikana, naye kwa kawaida huikabidhi kampuni logibuku, funguo na fomu za uhamisho alizotia saini. Gari likipatikana miezi kadhaa baadaye, linakuwa mali ya kampuni ile, na mwenye gari wa kwanza hana tena cha kuuza, hata kama bado ana nakala ya logibuku mfukoni na rekodi za serikali zinamtaja yeye. Kwa hiyo dai mojawapo ya hati mbili: barua ya kampuni ya bima inayothibitisha kwamba haikulipa fidia, au hati ya mauzo iliyotolewa na kampuni hiyo ikiwa yenyewe ndiyo iliyoliuza. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo, logibuku huwa na majina mawili, la benki na la mkopaji, na hapo barua ya benki inahitajika pia. Muuzaji anayesema kwamba barua zitafuata, mwache azifuate yeye.

Ukali huu una sababu. Kwa kawaida sheria ya uuzaji wa bidhaa haimruhusu asiye na haki juu ya kitu kumpa mwingine haki hiyo, hivyo mnunuzi aliyelipa kwa nia njema anaweza kunyang'anywa gari akabaki kumsaka muuzaji amrudishie fedha. Isitoshe, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14.

Baada ya bima, nenda polisi. Muuzaji akupe nambari ya kitabu cha matukio ya siku wizi uliporipotiwa, abstrakti ya polisi (hati fupi inayothibitisha ripoti hiyo), na hati inayoonyesha kwamba gari lilipatikana likaachiliwa. Angalia kwamba vituo vinavyotajwa vinapatana, maana gari lililoibwa Nairobi laweza kupatikana mpakani, Busia au Namanga, na kituo kilichopokea ripoti ya wizi kisiondoe tangazo kwamba gari hilo linasakwa. Likibaki, utasimamishwa wewe barabarani. Ikiwa mshukiwa alishtakiwa, gari ni kielelezo cha ushahidi: mahakama huweza kuamuru lipigwe picha na kurudishwa kwa mwenyewe, lakini soma amri yenyewe uone kama inamkataza kuliuza kabla kesi haijaisha.

Rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, zitafute mwenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wala usikubali karatasi aliyokuja nayo dalali. Jina, nambari ya chasisi na nambari ya injini vilingane na vilivyo kwenye gari. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana nambari ya herufi na tarakimu 17; yana kifupisho cha modeli, kistari, kisha tarakimu za mfululizo, zilizogongwa kwenye chuma, mara nyingi kile kilicho nyuma ya injini. Pitisha kidole hapo. Rangi mpya mahali padogo, alama za tupa au mshono wa kulehemu vinatosha kukurudisha nyumbani. Tazama vioo pia, kwani wenye magari wengi wa Nairobi huchonga nambari ya usajili kwenye madirisha na vioo vya pembeni kwa hofu ya wezi wa vioo, na dirisha moja lisilo na nambari hiyo linadai maelezo. Injini ngeni si lazima iwe ya wizi, ila mabadiliko hayo yawe yamesajiliwa.

Sasa ndipo umlete fundi, na awe fundi wa umeme kwanza. Anayeiba gari hung'oa kifaa cha kulifuatilia kwa haraka, na nyaya alizozikata huzua hitilafu zinazojitokeza baadaye, hasa wakati wa mvua. Fundi akague swichi ya kuwashia, kompyuta ya injini na mifuko ya hewa, ambayo ni rahisi kuuzwa kama vipuri. Ukishanunua, futa funguo zote za zamani kwenye kompyuta ya gari, na uondoe kifaa chochote cha ufuatiliaji usichokijua.

Malipo yapitie kwa wakili ambaye atazishika fedha. Muuzaji aanzishe uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen, nawe uukubali kwenye yako. Kisha utafute rekodi upya, na wakili aziachilie fedha jina lako likishaonekana.