Kupiga picha tramu za San Francisco mpaka kilima kionekane

Siku ya kwanza nilipiga picha kama mia mbili hivi, narudi nafungua kompyuta naangalia, tramu safi, rangi safi, ila kilima hakipo! Barabara imelala utadhani Posta Dar, na mi mwenyewe nilipanda pale nahema. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nainyoosha simu kwa kufuata barabara, kumbe barabara ndo iliyoinama. Fuata kuta na madirisha ya nyumba, hayo ndo yamesimama wima, ukiyanyoosha hayo kilima kinajitokeza chenyewe.

Halafu jua kwanza zinapandaje, maana hapo ndo unajua pa kusimama. Hizi tramu hazina injini. Chini ya barabara kuna kebo ya chuma inayozunguka muda wote kama km 15 kwa saa, na dereva ana mkono mrefu wa chuma unaopita kwenye upenyo katikati ya reli, akitaka kwenda anaibana kebo, akitaka kusimama anaiachia anakaza breki. Bila kebo, magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma yangeteleza tu, maana kule mtaa wa Hyde mwinuko unafika asilimia 21. Mfumo huu Andrew Hallidie aliuanzisha 1873, wakati tramu za mjini zilikuwa za farasi. Na upana kati ya reli mbili ni milimita 1067, sawasawa na reli ya TAZARA, nilicheka sana.

Spoti ya kwanza ni hiyohiyo Hyde, karibu na mtaa wa Lombard, uangalie kaskazini baharini. Usipige kwa lenzi pana, itakula kilima chote, zumu mpaka milimita 100 au 200 (kwa simu zile mara tatu au tano zinatosha), subiri tramu ichomoze kutoka chini na kisiwa cha Alcatraz kikae nyuma yake. Jua linakuwa mgongoni karibu siku nzima. Simama kwenye kona ya njia ya miguu, sio katikati ya reli kama wale wa selfi, tramu haiwezi kukukwepa.

Ukitaka ya ubavuni, hapa spidi ya kebo inakusaidia, tramu haibadilishi mwendo hovyo kwahiyo weka shata (muda kamera inapokea mwanga) 1/30 ya sekunde uifuatishe taratibu, nyumba nyuma zinavutika, tramu yenyewe inabaki kali.

Mtaa wa Powell unapokatana na wa California usikose. Kebo ya California inapita juu ya ile ya Powell, kwahiyo dereva wa Powell lazima aiachie yake avuke kwa kasi aliyokuja nayo, utamwona anaulalia ule mkono na mwili mzima. Piga picha mikono yake.

Sio kila treni hapo inavutwa na kebo lakini. Treni za umeme zinakwepa vilima: nyingine zinapita ndani ya mlima kwenye handaki la Twin Peaks la 1918, na laini ya J inazunguka pembeni ya Dolores Park kisha inajipenyeza nyuma ya nyumba za watu. Kituo cha mtaa wa 20 unapata treni na maghorofa ya mjini kwa pamoja, nenda jioni.

Ukungu ukishuka, nenda makumbusho ya hizi tramu, kona ya mitaa ya Washington na Mason, bure kabisa, magurudumu yanayovuta kebo zote yanazunguka mbele yako. Ndani giza kidogo, egemea vyuma, shata 1/8, na uvumilie kelele.