Biashara ya umeme Uganda: anza na mkataba

Binamu yangu anayesomea uhasibu Kampala aliniuliza: bwawa la Karuma limeleta megawati 600, mbona yuniti za Yaka, umeme wa kulipia kabla, hazijawa rahisi? Tulilijibu swali lake hivi.

1. Chora nani anamlipa nani. Tumia karatasi na kalamu. Kompyuta iache kwanza. Mabwawa ya Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba na Karuma huiuzia umeme UETCL, kampuni ya serikali ya usafirishaji umeme. UETCL huwauzia wasambazaji, mkubwa wao UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi ya kampuni ya Umeme mwaka 2025. Bei husimamiwa na ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme.

2. Tenganisha megawati na yuniti. Megawati, yaani kilowati 1,000, ni uwezo wa kuzalisha. Yuniti ni kilowati moja kwa saa moja. Megawati 250 za Bujagali zikizalisha mfululizo kwa saa 24 ni yuniti milioni 6.

3. Soma mkataba unavyolipa. Hapa usiharakishe, maana ndipo wengi hukwama. Mtambo mkubwa uliojengwa kwa mkopo mara nyingi hulipwa kwa kuwa tayari, hata umeme wake usipochukuliwa wote. Tuseme malipo ya mwezi ni shilingi bilioni 10. Zikichukuliwa yuniti milioni 100, kila moja ni shilingi 100. Zikichukuliwa milioni 50, inakuwa shilingi 200, na bwawa ni lilelile! Kwa hiyo umeme wa ziada usio na mnunuzi haushushi bei.

Ila mikataba haifanani. Mitambo midogo kwa kawaida hulipwa kwa yuniti, lakini tafuta kipengele cha umeme ambao ungezalishwa kama laini ingeweza kuupokea: nao huweza kulipiwa. Kisha angalia sarafu. Deni likiwa la dola na shilingi ikishuka, gharama hupanda bila bwawa kubadilika. Ndiyo maana ERA hurekebisha bei kila robo mwaka kwa kufuata thamani ya shilingi, mfumuko wa bei na bei ya mafuta.

4. Angalia saa. Kwa viwanda, saa 12 jioni hadi saa 6 usiku ndizo ghali. Baada ya hapo hadi alfajiri ni nafuu.

5. Vuka mpaka. Laini ya Tororo hadi Lessos hutuunganisha na Kenya. Sasa ndipo usome minada ya umeme ya Ulaya, si kabla: video za minada hiyo humfanya mwanafunzi atafute hapa mnada ambao haupo. Kule zabuni hupangwa kuanzia ya bei ya chini, na ya mwisho inayohitajika ndiyo huamua bei ya wote.