Kabla hujatoka na mfuko wako kwenda sokoni

Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu Juni 1, 2019. Kila nyumba sasa ina rundo la mifuko mbadala nyuma ya mlango wa jikoni, na bado watu wanafika sokoni mikono mitupu, wananunua mwingine. Basi la kwanza ni hilo: uchukue. Ukunje uutie kwenye mkoba usiku, usingoje asubuhi ukiwa unakimbilia daladala.

Ukung'ute kwanza. Kikapu cha ukili ndiyo kabisa, mende wanapenda ile misuko, na ukikihifadhi kibichi kinaota ukungu.

Mfuko mmoja hautoshi. Samaki na nyama vipewe chombo chao. Kama unapitia soko la samaki la Feri, beba ndoo ndogo yenye mfuniko. Maji ya samaki yakishaingia kwenye mfuko, hata harufu ikiisha vijidudu vinaweza kubaki, na kesho humo humo utaweka maembe na nyanya za kachumbari. Umevuja? Fua kwa sabuni, uanike mpaka ukauke kabisa ndani. Mafuta ya taa na dawa ya mende visikae na unga hata kwa safari fupi. Ugali wenye harufu ya taa hauna dawa.

Sasa mfuko wenyewe. Hii ya rangirangi inayofanana na kitambaa si kitambaa, ni plastiki ya polipropilini. Nyuzi zake hazikufumwa, zimegandishwa tu kwa joto, na jua huzila kimya kimya. Jirani yangu alikuwa na mmoja wa kijani, akiuning'iniza kwenye msumari nje, ukuta unaopigwa na jua la jioni, mwaka mzima. Kwa macho ulikuwa mzima. Siku mbili kabla ya Idd akaenda nao Kariakoo: mchele, sukari, dumu la mafuta ya kula, nazi, na viungo vya pilau ambavyo bei yake mnaijua. Tukapanda gari moja kurudi. Tulipofika kituoni akatangulia kushuka, konda akampokeza mfuko mlangoni: "Shika, mama." Akashika. Mikanda ikabaki mkononi, mfuko ukaenda chini. Wala haukuachia kwenye mshono, ulimomonyoka wenyewe, vipande vya kijani vikapeperuka na vumbi. Kizibo cha dumu kikafyatuka, mafuta yakauogesha mchele, sukari ikamwagika mtaroni. Konda akapiga bodi, gari likaondoka. Mama wa watu akabaki ameshika mikanda miwili, watoto wa kituoni wanamkusanyia nazi. Alichookoa ni hizo nazi na mdalasini. Ilibidi akope mchele dukani kwa Mangi, na Idd yenyewe keshokutwa.

Kwa hiyo mifuko ikishakauka ianuliwe, ikae ndani, kivulini. Kabla ya kutoka nao, ukwaruze kwa kucha. Ukitoa unga, au ukilia kama jani kavu, umekwisha kazi, usiuhurumie. Vuta mikanda kwa nguvu ungali nyumbani, maana ni heri ikatike hapo. Na unaponunua mpya, unyanyue kwenye mwanga. Kiwango ni gramu 70 kwa kila mita ya mraba, na jina la mtengenezaji liwe limechapwa. Hakuna anayetembea na mizani ya kupimia hilo, lakini ukiona vidole vyako upande wa pili, mrudishie muuzaji mfuko wake.

Vizito chini, mkate juu, hilo sikufundishi.

Supamaketi nyingi watakuambia uache mfuko kwa mlinzi. Uache mtupu, uchukue kibati chenye namba. Ukiingia na kitu ulichonunua kwingine, shika risiti yake mkononi.

Ndani ya mwendokasi, mfuko uwe mbele ya tumbo. Hauna zipu, kwa hiyo simu na pochi visikae humo, hata chini ya mchicha. Wanaochomoa wanaujua mchicha kuliko wewe. Usiuweke sakafuni ukasinzia. Ukitoka sokoni usiutandaze juu ya meza ya kulia, umekaa palepale walipotema mate. Na mtu usiyemjua akikuomba umshikie mfuko wake "kidogo tu, hadi kituo cha mbele," mwambie mikono imejaa.