Kunoa Visu vya Samaki kwa Mashine ya Msasa wa Mkanda

Kisu cha kutolea minofu ya sangara ni chembamba, kirefu na chenye kupindika, na kwa sababu hiyo hakivumilii jiwe la grainda. Visu vingi vinavyoletwa karakanani kutoka mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, vimekwisha kuliwa katikati hadi vinafanana na mundu, ingawa mpini bado ni mzima. Mashine ndogo ya msasa wa mkanda, ile inayokaa juu ya meza na kuzungusha mkanda wenye upana wa milimita 25 na urefu wa milimita 762, hufanya kazi hiyo kwa upole zaidi, mradi anayeitumia akumbuke kwamba nayo hula chuma kwa kasi.

Ukiinunua ya mtumba, soma kwanza kibati kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wetu ni volti 230, na mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huhitaji volti 100, hivyo ukiichomeka moja kwa moja utakuwa umeinunua ili kuiunguza. Kisha ifunge kwa bolti kwenye meza isiyotikisika, uvishe mkanda kwenye mashine ukifuata mshale uliochorwa kwa ndani, na uuzungushe kwa mkono huku ukirekebisha kitasa cha kuunyoosha mpaka ukae katikati ya puli. Swichi iwashwe baada ya hapo tu.

Katika mashine nyingi za aina hii, mkanda wa upande wa mbele hushuka chini. Shika kisu makali yakitazama chini na mgongo ukiwa juu, ili msasa upite kutoka mgongoni kuelekea kwenye makali na kuyaacha nyuma. Ukikigeuza, makali yatauchana mkanda, au kisu kitarushwa usikotarajia.

Pembe ndiyo inayowasumbua wanaoanza, lakini inapimika kwa rula. Kwa kisu chenye upana wa milimita 40, mgongo ukiachana na mkanda kwa milimita 10 unapata takriban nyuzi 15, ambazo zinafaa kwa minofu. Ukiachana kwa milimita 14 unapata nyuzi 20, zinazofaa kwa kisu cha jikoni. Panga lipewe nyuzi 25 au zaidi, kwa kuwa linapiga na wala halichanji. Paka makali wino wa kalamu nene kabla ya kuanza, uvute kisu mara moja, kisha utazame: wino ukiondoka upande wa kuelekea mgongoni peke yake, umelaza kisu mno, ukiondoka kwenye ukingo wa makali peke yake, umekisimamisha mno.

Anza kuvuta kutoka kwenye shina la kisu kuelekea nchani, kwa mwendo usiokatika, na uinue mpini kidogo unapokaribia ncha ili pembe isibadilike. Simama ncha ikiwa bado katikati ya upana wa mkanda. Nilipoanza kazi hii nilikuwa ninavuta mpaka kisu kitoke kabisa, na nilimrudishia mama mmoja muuza sato kisu kilichokuwa na ncha ya mviringo kama kijiko. Alikitazama, akanitazama, akalipa nusu.

Joto ndilo adui halisi. Ukingo wa makali ni mwembamba kiasi kwamba huchemka kabla ubapa haujapata hata uvuguvugu, na ukiona rangi ya buluu ujue chuma kimefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na kimepoteza ugumu wake hapo, kwa hiyo kitakuwa butu upesi kila unapokinoa mpaka sehemu hiyo iishe. Weka ndoo ya maji pembeni, uchovye kisu kila baada ya mvuto mmoja au miwili, na ukiache na matone yake. Matone yaliyo jirani na makali yakianza kukauka, rudi kwenye ndoo. Fanya kazi bila glavu, kwanza kwa sababu kidole huhisi joto mapema, na pili kwa sababu glavu ikinaswa na mkanda huvuta mkono pamoja nayo. Miwani ya kukinga macho haina mjadala.

Msasa namba 120 ni wa kisu kilichopigika mapengo tu. Kisu cha kawaida kianze na namba 240, kivutwe kwa zamu kila upande mpaka uhisi kwa kidole gumba, ukipapasa kutoka mgongoni kwenda nje, mkunjo mwembamba wa chuma uliojitokeza upande wa pili kwa urefu wote wa makali. Mkunjo huo ndio dalili kwamba umefika ukingoni. Baada yake namba 400, kwa mguso mwepesi, kisha mkanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia. Kwa sangara mimi huishia 400 na kupitisha ngozini mara mbili tu, kwani ukwaruzo kidogo unaobaki hushika ngozi ya samaki, ilhali makali yaliyong'arishwa mno huteleza juu yake.

Mashine hiyohiyo hulainisha mipini ya mninga na kunyoosha patasi, patasi ikiegemezwa kwenye bamba la nyuma ya mkanda. Lakini safisha vumbi la mbao kabla ya kugusa chuma, kwa kuwa cheche moja ndani ya vumbi hilo huweza kufuka moshi kimyakimya mpaka usiku. Mbao inaposagwa vaa barakoa, hasa ikiwa ni mvule, ambao vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Mkanda ulioziba husafishwa kwa kuusukumia soli ya raba ya kiatu chakavu ukiwa unazunguka. Mikanda ya akiba itundike kwenye msumari mnene, mbali na unyevu wa ziwani, kwa sababu gundi ya kiungo ikilegea mkanda hukatika ukiwa kwenye mwendo, na kishindo chake hakisahauliki.