Jongo: jinsi ya kuanza alopurinoli na kudumu nayo

Wagonjwa wengi wa jongo wanaofika kwenye dirisha langu la dawa huulizia diklofenaki tu, dawa ya maumivu. Kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwa chekundu, hata shuka likigusa hawavumilii. Diklofenaki hutuliza, lakini fuwele za asidi ya yuriki (taka ya mwili inayokuwa nyingi kwenye damu) hubaki kwenye kiungo, na maumivu hurudi. Kinachoziondoa ni dawa ya kila siku, na inayotumika zaidi ni alopurinoli. Dozi huandikwa na daktari. Mimi nakueleza namna ya kuifuata.

Hatua ya 1: Pima. Pima asidi ya yuriki na figo. Kipimo kilichofanyika kiungo kikiwa kimevimba kinaweza kuonyesha kiwango cha kawaida, kwa hiyo kirudie wiki 2 au zaidi baada ya maumivu kuisha. Taja dawa zako zote. Azathioprini (dawa ya kupunguza kinga ya mwili) pamoja na alopurinoli ni hatari. Hidroklorothiazidi ya presha hupandisha asidi ya yuriki, losartani, nayo ya presha, huishusha kidogo. Muulize daktari kama unaweza kubadilishiwa.

Hatua ya 2: Anza na dozi ndogo. Kwa kawaida ni miligramu 100 kwa siku, baada ya chakula. Mwenye figo dhaifu huanzia 50.

Hatua ya 3: Jikinge miezi ya mwanzo. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Asidi ya yuriki ikianza kushuka, fuwele za zamani humomonyoka na kiungo kinaweza kuvimba upya. Mgonjwa anasema, "Dawa imenizidishia," anaiacha. Tafadhali usiiache! Uvimbe huo unatibiwa huku alopurinoli ikiendelea kwa dozi ileile. Ili kuuzuia, daktari huongeza kolchisini, miligramu 0.5 mara moja au mbili kwa siku, kwa miezi 3 hadi 6. Ukianza kuharisha, rudi upunguziwe kolchisini. Ukiandikiwa klarithromisini (antibayotiki), sema mapema kwamba unatumia kolchisini, maana zikikutana zinaweza kukudhuru vibaya.

Hatua ya 4: Pandisha hadi ufike lengo. Kila baada ya wiki 4 hivi, pima tena. Lengo ni chini ya miligramu 6 kwa desilita (mikromoli 360 kwa lita). Kama hujafika, daktari huongeza miligramu 100. Inaniuma kuona mtu amekaa na 100 miaka yote bila kupimwa, ilhali wengi huhitaji 300 au zaidi.

Hatua ya 5: Chunga ngozi. Ukiona upele, vidonda mdomoni, macho mekundu au homa, acha alopurinoli siku hiyohiyo uende hospitali. Hatari hii ni kubwa zaidi miezi michache ya kwanza.

Hatua ya 6: Endelea. Kupunguza bia, maini na dagaa kunasaidia, ila mara nyingi hakutoshi peke yake. Ukishafika lengo, pima kila miezi 6, na nunua vidonge vipya kabla vya zamani havijaisha.